Nilitembea kwa Ajili ya Babu

Akina mama wenzangu, mume wangu aliniuliza, "Mama Neema, wewe muuguzi, unachangishaje fedha za makumbusho ya kijeshi?" Nilikosa jibu.

Babu yangu alipigana Burma mwaka 1944, askari wa King's African Rifles. Alirudi, asisimulie neno. Jumba dogo la makumbusho hapa Uingereza tunakoishi lilitaka kutunza picha za askari kama yeye.

Basi nilianzia Sarria, Hispania, nikatembea na mahujaji kilometa zaidi ya 100 hadi Santiago de Compostela. Siku ya tatu malengelenge yalipasuka. Mimi niliyezoea kufunga vidonda vya wengine nilikaa kando ya njia nikalia, nikamwomba Mungu. Hapo nikamwelewa babu: maumivu mengine hayasemeki.

Niliporudi nilimjibu mume wangu: "Hatusifu vita. Tunawasemea walionyamaza."

Dada mpendwa, je, nyumbani kwenu yuko mzee aliyenyamaza? Keti naye leo.