Mtu Asiye na Macho

Mwaka jana nilifanya kosa. Katika kipindi cha kuchora, kijana mmoja wa miaka 14 alichora mtu ambaye mkono wake umegeuka bunduki, mbavu zake ni nondo, na usoni hana macho. Nikaichukua ile karatasi. Nikamwambia, "Mdogo wangu, chora kitu kizuri. Chora hata ua." Akachora ua. Wiki iliyofuata hakuja.

Baadaye rafiki yangu akanionyesha kwenye simu picha za H.R. Giger. Nilishtuka. Kumbe kuna mtu mzima aliyechora vitu kama vile maisha yake yote!

Giger alizaliwa mwaka 1940 katika mji wa Chur, Uswisi. Baba yake alikuwa mwenye duka la dawa, na aliona sanaa haina mkate. Mtoto akaenda Zurich kusomea usanifu wa majengo na wa vitu vya viwandani. Lakini usiku majinamizi yalimsumbua, basi akawa anayachora: mashimo yasiyo na mwisho, ngazi zisizo na pa kushika, miili iliyoungana na mashine mpaka hujui nyama inaishia wapi na chuma kinaanzia wapi. Kwake yeye, kuchora ilikuwa dawa. Picha nyingi alizifanya kwa kifaa cha kupulizia rangi, ndiyo maana zinaonekana kama zina moshi.

Picha yake moja ya mwaka 1976 ndiyo iliyozaa lile dude la filamu ya Alien, iliyotoka 1979. Dude lile hakulipa macho, maana usipojua linatazama wapi unaogopa zaidi. Mwaka 1980 yeye na wenzake wakapata Oscar kwa kazi hiyo.

Wengine humu kambini watasema hayo ni mambo ya mashetani. Hata mimi nilisema hivyo. Na kweli, ziko picha zake ambazo siwezi kumwonyesha mtoto. Wala sisemi kuchora kunafuta kila kitu. Giza lile halikumwacha, alilichora kwa miaka mingi. Alifariki 2014. Lakini nchi yake haikuingia vitani, na bado alihitaji karatasi ya kuwekea hofu yake. Sembuse watoto wetu waliopita porini usiku?

Nikaenda nyumbani kwa yule kijana, nikamwomba msamaha, nikamrudishia picha yake. Nikamuuliza kwa nini mtu huyu hana macho.

Akasema, "Kaka, tulikuwa tumejificha. Sikujua anatazama wapi."

Nilikosa la kusema, nikakaa naye tu.

Siku hizi simwambii mtu achore ua. Naweka karatasi mezani, nakaa karibu. Akimaliza, namuuliza yeye mwenyewe: hii tuiweke wapi?