Bega linalouma bila kidonda: njia ndefu ya mama mmoja kati ya Butembo na Beni

BUTEMBO – Huku Butembo na Beni, magonjwa yanayoonekana yanajulikana vizuri. Aliyepigwa risasi anakimbizwa hospitalini. Mwenye homa kali na kutapika anaulizwa maswali mengi, kwa sababu hakuna aliyesahau Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyoshika zaidi ya watu 3,400 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri na kuua zaidi ya 2,200. Lakini kuna wakaaji wengi, na hasa wahami wa vita, wanaolala na maumivu yasiyo na damu, yasiyo na homa, na ambayo hakuna anayeyauliza. Maumivu ya bega ni kati ya hayo.

Mtu mwenye bega bovu anatembea, anasalimu watu, anakwenda kanisani. Majirani wanasema mzima. Usiku ndipo anakaa kitandani akishika mkono wake kama mtoto mgonjwa. Asubuhi hawezi kuchota maji, hawezi kulima, hawezi kumbeba mjukuu. Na huku, asiyelima wala kubeba hali.

Mama anayesimuliwa hapa, ambaye jina lake halitajwi, amepita kidogo miaka 50. Alikuwa akilima muhogo na mpunga upande wa Oicha, katika teritwari ya Beni, eneo ambalo raia wameuawa mara nyingi tangu Oktoba 2014. Siku ya kukimbia alibeba furushi mgongoni kwa kamba ya kichwani, kama wanawake wa huku wanavyobeba mizigo yote, na mjukuu akamning'iniza kifuani. Alitembea siku mbili. Baadaye alipata lifti hadi Butembo, akapokewa na familia moja katika komine ya Bulengera, katika nyumba ya mama mzee mjane ambaye hakuwa hata ndugu yake.

Bega la kulia lilianza kuuma miezi michache baada ya kufika. Alidhani ni furushi lile. Alikuwa akilima mashamba ya watu kwa malipo ya siku, basi akanyamaza, akahamishia jembe mkono wa kushoto. Maumivu hayakuondoka. Yalishuka hadi katikati ya mkono, yakawa makali zaidi usiku. Kisha mkono wenyewe ukaanza kukataa. Hakuweza kufunga kitambaa kichwani. Hakuweza kufika mgongoni kufunga kikwembe cha kumbebea mtoto. Bidoni ya lita 20 ikawa kazi ya mjukuu wa miaka 8, safari nne za lita 5.

Alianza kutafuta dawa. Kwenye kituo cha kwanza walimpima damu, wakamwambia ni malaria na tifoidi. Alimeza vidonge hadi vikaisha, bega likabaki vilevile. Kwenye duka la dawa alipewa vidonge vya diklofenaki bila kuulizwa kama ana vidonda vya tumbo au presha. Vilisaidia siku chache, kisha tumbo likaanza kuwaka moto. Mtu mmoja mwenye chumba cha kuchomea sindano alimwahidi kumponya kwa sindano ya kila wiki. Sindano ya kwanza ilifanya ajabu: alilala usiku mzima. Ya pili ilisaidia siku tatu. Ya sita haikusaidia kitu, na vikwembe vyake vitatu, vya mwisho alivyotoka navyo kijijini, vilikuwa vimekwisha kuuzwa. Sindano ile ilikuwa deksametazoni, ile ambayo wengi huita deksa.

Baada ya hapo alichanjwa chale begani, zikapakwa majivu ya majani. Kisha akapelekwa kwenye chumba cha maombi. Huko aliambiwa kuna mtu wa karibu anayekula mkono wake usiku, mtu anayelala naye chini ya bati moja. Hakutajiwa jina. Lakini chini ya bati lile kulikuwa na mtu mzima mmoja tu.

Hapo ndipo ugonjwa wa bega ulipokaribia kuvunja nyumba. Mama yule aliacha kumsalimu mama mzee aliyempokea. Akawakataza wajukuu kula kwenye sufuria yake. Watoto wa mama mzee waliposikia sababu, walisema ni afadhali mgeni atafute mahali pengine. Kwa mhami asiye na ndugu mjini, neno hilo maana yake ni kulala nje.

Picha ya radio, iliyolipwa kwa michango ya wanawake wa shirika lake, haikumsaidia kama alivyotumaini. Mifupa ilikuwa mizima. Aliambiwa hana ugonjwa. Anasema neno hilo lilimuuma kupita bega, kwa sababu kama hana ugonjwa, basi yale ya chumba cha maombi yalikuwa kweli.

Msaada ulimfikia Beni, kilometa zaidi ya 50 kutoka Butembo kwa Barabara ya Taifa namba 2, alipokwenda kumtembelea dada yake mkubwa. Yaya yake alimpeleka kwenye kituo cha afya cha karibu, kwa muuguzi ambaye watu wa mtaa humwita dokta kwa heshima. Huyu hakuanza na dawa. Alianza na mikono yake.

"Mama, acha mkono wako ulale kama nguo. Mimi ndiye nitakayeunyanyua."

Aliunyanyua, ukakwama kabla ya kufika usawa wa bega. Akakibana kiwiko cha mama ubavuni, akajaribu kuugeuza mkono kwenda nje. Haukugeuka.

"Dokta, picha ilisema hakuna kitu."

"Picha inaonyesha mifupa, mama. Ugonjwa wako hauko ndani ya mfupa."

Kiungo cha bega kimefunikwa na mfuko mwembamba unaoacha mkono uzunguke pande zote. Kwa watu fulani mfuko huo unavimba, kisha unakuwa mgumu na kujikunja, na mkono unafungwa ndani yake. Radio haiuoni mfuko huo. Mganga wa Marekani Ernest Codman aliuita ugonjwa huu bega lililoganda mwaka 1934, na hadi leo chanzo chake mara nyingi hakionekani. Wajapani wanauita bega la miaka 50, kwa sababu huwapata zaidi watu wa kati ya miaka 40 na 60, na wanawake kuliko wanaume. Furushi la siku ile huenda halikuwa na kosa lolote, wala jirani.

Muuguzi aliuliza jambo jingine: je, mama anakunywa maji mengi na kuamka mara nyingi usiku kwenda chooni? Alikuwa anaamka, lakini alidhani ni maumivu yanayomwamsha. Tone la damu kidoleni lilionyesha sukari iko juu. Watu wenye ugonjwa wa sukari hupata bega la namna hii mara nyingi zaidi kuliko wengine, na kwao huchelewa kupona. Kwa kuwa deksa nayo hupandisha sukari, alipimwa tena wiki kadhaa baada ya sindano kwisha. Sukari ilikuwa bado juu. Alianzishiwa vidonge vya metformini. Kwa maneno mengine, bega ndilo lililofichua ugonjwa ambao ungeweza kumharibia macho, figo na miguu kimyakimya.

Kuhusu bega lenyewe, aliambiwa ukweli ambao hakuna mwingine aliyemwambia: kwamba litachukua muda mrefu. Ugonjwa huu una vipindi vitatu. Kwanza maumivu makali, kisha ugumu, kisha kulegea pole pole. Vyote pamoja vinaweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu, na wengine hubaki na ugumu kidogo. Katika kipindi cha kwanza, sindano ndani ya kiungo yenyewe, ikichomwa na mganga aliyejifunza kazi hiyo, inaweza kupunguza maumivu. Lakini mwenye sukari lazima afuatiliwe. Si sawa na sindano ya matakoni ya kila wiki.

Alipewa parasetamoli kwa usiku mbaya, na mazoezi matatu ambayo mtu wa kinezi, yaani anayerudisha viungo katika kazi, angemwonyesha. Hayahitaji vyombo vya bei. Kwanza, kuinama mkono mzima ukiwa juu ya meza, na kuuacha mkono mgonjwa uning'inie na kuzunguka taratibu, baadaye ukishika chupa ya maji ya nusu lita. Zoezi hili linabeba jina la Codman yuleyule. Pili, kusimama mbele ya ukuta na kuvitembeza vidole kwenda juu kama mdudu anayepanda. Tatu, kushika mti wa fagio kwa mikono miwili, viwiko vikiwa ubavuni, na mkono mzima kuusukuma ule mgonjwa kwenda nje. Dakika chache, mara mbili au tatu kwa siku, baada ya kuweka kitambaa cha maji ya moto. Maumivu kidogo yanayopita haraka si kitu. Maumivu yanayobaki usiku kucha yanasema umezidisha.

Aliporudi Bulengera, alikwenda kwanza kwa mama mzee, akapiga magoti, akamweleza alichoambiwa Beni. Mama mzee hakujibu neno. Kesho yake asubuhi kulikuwa na sufuria ya maji ya moto mlangoni, na kitambaa juu yake.

Kwenye ukuta wa udongo wa nyumba ile kuna alama za makaa. Kila Jumapili baada ya misa, mjukuu huweka alama mahali vidole vya mama vilipofika. Kuna wiki ambazo alama zimelingana, na moja ilishuka chini ya iliyotangulia. Baada ya miezi tisa amefika juu ya kichwa chake. Anafunga kitambaa mwenyewe. Mgongoni bado hafiki, na bidoni ya lita 20 bado inabebwa na wengine. Anauza sombe iliyotwangwa, kwa sababu kulima siku nzima hakuwezekani tena kwa sasa.

Kwa wasikilizaji wenye maumivu kama haya, mambo machache ya kushika. Mwombe mtu akunyanyulie mkono ukiwa umelegea. Kama yeye anaweza kuunyanyua na wewe peke yako huwezi, huenda ni kano zilizochoka au kukatika. Kama hata yeye hawezi, huenda ni mfuko uliokaza. Vyote viwili vinahitaji mganga anayegusa, si anayeuliza tu. Omba upimwe sukari. Usimeze diklofenaki au ibuprofeni siku nyingi, hasa ukiwa na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, presha au mimba. Uliyetumia deksa muda mrefu, usiiache ghafla peke yako: mwambie mganga akupunguzie pole pole. Waliopona Ebola nao, wengi wao hubaki na maumivu ya viungo. Wakati wa kutibiwa waseme kwamba waliugua, maana linasaidia kuelewa.

Kuna bega lisilongoja. Kiungo kikivimba na kuwa cha moto pamoja na homa, nenda siku hiyo hiyo. Bega la kushoto likiuma pamoja na kifua kubana, jasho na pumzi fupi, huenda ni moyo. Ukianguka na bega likabadilika umbo, usikubali mtu wa mtaani alivute. Mkono ukifa ganzi na vidole kupoteza nguvu, shingo ichunguzwe. Bega la kulia likiuma pamoja na tumbo la juu baada ya kula mafuta, mganga aangalie nyongo. Na kama unakonda, unatoka jasho usiku na kukohoa, upimwe kifua kikuu, ambacho huweza kushika hata viungo.

Na wale wanaokaa na mgonjwa wa namna hii, iwe kambini au katika familia iliyopokea wahami: mtu anaposema bega linamuuma na hakuna kidonda, msimwambie anajifanya, wala msitafute nani amemfanyia. Mchukulieni bidoni, mkampeleke apimwe.