Leseni ya Gari na Hadithi ya Kurasa 16

Mwaka 2023 nilikuwa nimebakiwa na mambo mawili chuoni: tasnifu ya uzamili na deni la karo. Ndipo nilipoona tangazo gazetini. Kampuni moja ya uchapishaji jijini Nairobi ilitafuta mwandishi wa hadithi za Kiswahili za watoto. Katiba ya 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi, lakini tangazo lenyewe lilikuwa la Kiingereza. Hilo halikunishtua. Lililonivunja moyo ni masharti: leseni ya kuendesha gari, tajriba ya miaka mitatu katika mauzo, na ujuzi wa kusanifu kurasa kwa kompyuta. Sikuwa na hata kimoja.

Sisi wanafunzi wa fasihi tumefunzwa kuhakiki matini neno kwa neno, ila tangazo la kazi hulisoma kama amri. Sahibu yangu mmoja alinishauri niandike kwamba ninavyo vyote. "Nani atakudai leseni nawe umeketi mezani unaandika?" Nakiri kwamba niliuandika uongo huo. Nilipousoma usiku, niliona wasifu wa mtu nisiyemjua. Nikaufuta. Mficha uchi hazai.

Asubuhi nilipiga simu. Karani alicheka, akasema kwamba sharti la leseni na lile la mauzo yalinakiliwa kutoka tangazo la awali la wauzaji wanaozungusha vitabu shuleni. Kuhusu usanifu, alinipa mhariri. Naye alifafanua kwamba hawakumtaka mwandishi apange kurasa. Walimtaka anayeelewa kuwa karatasi kubwa huchapwa kisha ikakunjwa, hivyo kitabu cha mtoto huwa na kurasa 16 au 24, wala hakirefushwi kwa sababu mtunzi amenogewa. Tena, picha ikionyesha mvua, maneno hayana haja ya kusema kuwa inanyesha. Kumbe sharti nililolidharau kuliko yote ndilo lililohusu utunzi!

Katika barua yangu nilitamka kwa sentensi moja kwamba sina leseni, sijawahi kuuza vitabu, wala sijui kusanifu. Kisha nikaambatisha hadithi niliyoigawa katika kurasa 16, kila ukurasa na maelezo ya picha yake. Ajira sikupata. Hadithi ilinunuliwa, na deni la karo likapungua bila kwisha.

Wenzangu mnaokaribia kuhitimu, kabla ya kukata tamaa au kudanganya, ulizeni kila sharti linasimamia kazi gani. Lisilohusu uandishi, likirini kwa ufupi bila kujidhalilisha. Linalouhusu, lijibuni kwa kazi ya mikono yenu. Mimi nilihitaji simu moja tu kuyatenganisha, nami nilikaribia kutoipiga.