Trei Moja la Mayai ya Siki

Kama umewahi kupita Makambako kwa basi, bila shaka umeniona ila hukunitazama. Mimi ni mmoja wa wale vijana wanaonyanyua sinia mpaka dirishani, "Mayai! Mayai ya moto!", na kabla hujapokea chenji yako dereva ameshaondoa gari. Makambako ni njia panda. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma inaachana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA nayo inapita. Abiria hawakosekani. Tatizo ni kumaliza sinia. Yai la kuchemsha lisiponunuliwa leo ni kitoweo chako mwenyewe, na mtu hawezi kula hasara kila siku, bwana.

Nyumbani kwetu ni Ludewa. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa yale yale ya wengi, nikabaki na kaunta buku tatu za riwaya ambayo haijaisha. Nilichokuwa natafuta ni pesa ya kuipiga chapa.

Basi, nikapata wazo katika kitabu cha mapishi cha Kiingereza, kikuukuu, hakina hata jalada, nilichonunua Njombe. Kumbe Uingereza yai la kuchemsha humenywa, likatumbukizwa kwenye siki, likauzwa baa kutoka kwenye chupa kubwa ya kaunta. Yaani achari, kama ile ya ndimu ya watu wa pwani, ila ya mayai! Yai lisilojua kesho wala keshokutwa. Nikaona nimeshatoka kimaisha.

Mama akanikopesha trei moja, mayai 30, kwa fedha ya kikoba. "Hiyo ni hela ya watu," akaniambia, basi.

Nikayachemsha, nikayatia kwenye maji ya baridi, na maji ya Ludewa mwezi wa saba hayahitaji barafu. Hapa nikupe siri ya kazi: yai lililotagwa leo halimenyeki, ganda linabanduka na nyama yake, lililokaa wiki moja linavua nguo lenyewe. Siki nikaichemsha na chumvi, sukari kidogo, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili kichaa. Mvuke wake ukamtoa bibi jikoni akipiga chafya na kunilaani.

Mpaka hapo nilifuata kitabu. Halafu nikaingiza usanii wangu. Kabla ya kumimina siki, nilichoma kila yai kwa kijiti cha meno, mara tatu nne, ili pilipili ifike kwenye kiini. Na chupa nikaiweka dirishani, jua liharakishe kazi. Kitabu kilisema mahali pa baridi, nikamcheka aliyekiandika.

Siku ya saba nikahesabu: 28. Bibi hakukana.

"Matamu," alisema. "Ila yanawasha."

Karibu nicheze. Usiku ule nikashika simu kutafuta watu wengine wanayauzaje. Nikakutana na habari ya Illinois, Marekani, mwaka 1997. Mzee wa miaka 68 alitengeneza mayai ya siki nyumbani. Aliyachoma kwa vijiti vya meno. Hakuyaweka kwenye friji, na mara nyingine yalipigwa na jua. Akala, akaanza kuona vitu viwili viwili, mwili ukalegea, akaishia kupumua kwa mashine. Kuna kijidudu kinachoishi udongoni, kinapenda pasipo na hewa. Siki hukizuia, lakini huchelewa kufika katikati ya yai. Kijiti kinakipeleka mpaka kiini, joto linakilea. Na sumu yake haina lazima inuke.

Nilisoma mara tatu. Ilikuwa kama mtu amenichungulia dirishani.

Asubuhi nikakimbilia zahanati. Nesi hakunicheka. Akasema nimlete bibi apimwe, na kope zikilegea, akiona viwili viwili au akishindwa kumeza, nisingoje hata dakika, ni hospitali. Bibi akakataa katakata kwenda; haumwi, aende kufanya nini? Nami sikuwa na ujasiri wa kumwambia sababu. Ikabaki kumlinda. Siku nne nilimwamkia bibi yule kila saa. "Bibi, hivi ni vidole vingapi?" Akadhani nampima uzee.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mama. Siku ya pili, bibi akiwa mzima, nilianza kupiga hesabu. Mayai 28. Makambako. Basi la Tunduma linasimama kidogo tu, abiria akija kuona viwili viwili atakuwa mbali, nani atakumbuka sura ya muuza mayai? Nilishaifunga chupa kwenye kitenge. Nikakaa nayo mapajani mpaka basi la kwanza la Njombe likaondoka, na la pili. Sikuwa natafakari kitu kikubwa. Nilikuwa namfikiria tu yule mtu wa dirishani, anavyonyoosha mkono na kupokea bila kunitazama.

Nikachimba shimo nyuma ya choo, nikayafukia yote na siki yake, mbali na kuku.

Siku ya tano nikamweleza bibi kila kitu. Alinyamaza, akavuta khanga yake.

"Kumbe zile shikamoo zote zilikuwa za mayai," akasema. Kisha akauliza kama hakuna hata moja lililobaki.

Trei la mama nimelilipa nusu.