Anwani yako wameipata wapi?

Kila nikikaa na wenzangu swali ni hilo hilo: "Mimi baruapepe yangu simpi mtu, hawa matapeli wameipata wapi?"

Humpi mtu, lakini watu wanayo. Kwetu njia kubwa ni zile barua za "watumie wenzako kumi". Kila anayeisambaza huacha humo anwani za waliotangulia, na ikimaliza mwezi wa Ramadhani imebeba ukoo mzima pamoja na wateja wa fundi cherehani. Ikiingia kwenye kompyuta moja yenye virusi, zote zinazolewa. Na ile sehemu ya Bcc ipo, ukiitumia hakuna anayemwona mwenziwe! Viongozi wa vikundi, tafadhalini.

Wifi yangu aliletewa barua ya kumtaka amalizie malipo ya Umra, pesa alizozidunduliza miaka minne. Alhamdulillahi alinipigia kwanza. Kilichotushtua ni jina: lake, la baba na la babu. Jina la babu halimo kwenye barua za kusambaza, hilo huandikwa kwenye fomu. Basi kuna pahala alijaza fomu, na orodha ikatoka. Imeuzwa au imeibiwa, kwake ni mamoja.

Haya hata kwa wakubwa yametokea. Mwaka 2003 mfanyakazi wa AOL huko Marekani aliiba anwani milioni 92 za wateja, zikauzwa kwa watumaji wa barua taka. Za LinkedIn ziliibiwa 2012, na 2016 zikaonekana zinauzwa, zaidi ya milioni 100, pamoja na nywila. Iko tovuti inaitwa Have I Been Pwned: unaandika anwani yako, inakwambia imevuja wapi. Usiipe nywila, haiihitaji.

Mnaouza udi na mabuibui mtandaoni, kuna programu zinazopita kurasa usiku na mchana zikitafuta alama ya @. Wateja lazima wakupate, kwa hiyo fungua anwani ya biashara peke yake, ya benki iwe nyengine. Wengine hubahatisha tu: fatma1, fatma2, fatma3, isiyorudi ndiyo yenye mwenyewe. Ndiyo maana barua ya mtu usiyemjua usiijibu hata kwa kumwambia "niondoeni". Ukijibu, ameshajua upo.