Uso wa Kijana Nyuma ya Kinyago



Sisi tuliokua tukitazama filamu katika mabanda ya video tulijifunza mapema kuwagawa watu mafungu mawili: steringi na adui. Steringi alikuwa na uso wa kupendeza, adui wa kutisha. Juma hili tumetafakari filamu za kubuni za kisayansi ambazo zimeuvuruga mgawanyo huo, kwa kumpa kijana nafasi ya adui.

Star Wars ilipotoka mwaka 1977, adui wake, Darth Vader, hakuwa na uso. David Prowse alivaa vazi jeusi na kinyago, James Earl Jones akatoa sauti. Kumchukia kulikuwa rahisi. Mwaka 1983 kinyago kilivuliwa, akaonekana mzee dhaifu, Sebastian Shaw. Kisha mtunzi wa hadithi, George Lucas, akarudi nyuma: mwaka 1999 adui yuleyule akawa mtoto, akiigizwa na Jake Lloyd, mwenye umri wa miaka 10 filamu ilipotoka, na katika filamu za 2002 na 2005 akawa kijana, Hayden Christensen.

Kijana huyo wa hadithi hakuanza kwa kuupenda uovu. Alifiwa na mama yake, akaota kwamba mkewe naye atakufa. Alimwendea mwalimu mzee, akashauriwa kuachilia. Shauri lenye hekima, lakini halikuigusa hofu yake. Mwingine, mjanja, akamwahidi uwezo wa kuzuia kifo, naye akasadiki. Uovu ulimjia umevaa vazi la upendo. Uso wa kikatili usingetufundisha hayo. Uso mchanga unatulazimisha kuuliza: ni nani aliyemsikiliza alipoogopa? Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Lakini nani atamkunja asiyemkaribia?

Upande wa pili hauhusu hadithi, bali sisi watazamaji. Wengi hawakuridhika na filamu zile, na hasira yao ikawaangukia waigizaji. Lloyd alieleza baadaye jinsi wanafunzi wenzake walivyomdhihaki, naye akaacha uigizaji. Christensen alipewa mara mbili tuzo ya kejeli ya Razzie. Maneno waliyoyatamka hawakuyatunga wao. Mwaka 2022 Christensen alirudi katika tamthilia ya Obi-Wan Kenobi, na wengi waliokuwa watoto enzi zile wakampokea kwa furaha. Lakini kwa aliyedhihakiwa utotoni, miaka ya shule hairudi.

Ni ajabu kwamba hadithi iliyotungwa ili tumhurumie hata adui ilitumika kumwumiza mtoto asiye na hatia. Basi, wazazi na walezi, tuketi na vijana wetu wanapotazama. Tuwaulize wanaogopa nini, kisha tunyamaze, tuwasikilize. Tena tuwafundishe kwamba nyuma ya kila kinyago yupo mtoto wa mtu.