Kipakatalishi Hakipakatwi

Neno nalo huweza kumpoteza anayelipenda. Nilipostaafu ualimu niliazimia kupiga chapa tungo alizoniachia marehemu mwalimu mwenzangu, zilizoandikwa kwa penseli katika madaftari manne ambayo mchwa walikwisha kuyaonja. Kila usiku nilikaa kitandani, nikaweka mto mapajani, na juu yake nikakipakata kipakatalishi changu. Waliounda jina hilo waliunganisha kupakata na tarakilishi; nami nilitii jina.

Haukupita mwezi, kikaanza kuchemka kama mtoto mwenye homa. Feni ilikaa kimya, na mara kioo kikawa cheusi. Usiku mmoja kilizimika nilipofika ubeti wa 17 wa utenzi mmoja, nami nilikuwa sijahifadhi hata mstari. Nilirudi daftarini, ukurasa ule mkavu ukamegeka vidoleni, ukawa unga. Hadi alfajiri nilizikumbuka beti 14. Tatu hazikunijia.

Fundi alikuwa kijana niliyepata kumfundisha. Baada ya shikamoo aliniuliza, “Mwalimu, huwa unakiweka wapi?” Nilipomweleza, alikipindua akanionyesha matundu ya chini: hewa ya kupoza huingilia hapo, na mto wangu uliyaziba. Alipokifungua tukakuta vumbi limegandamana kama sufi kwenye vipande vyembamba vya chuma vinavyotawanya joto. Dawa ipitishayo joto kutoka kwenye kichakato kwenda kwenye chuma ilikuwa imekauka.

“Na feni je?” nikauliza.

“Feni ni nzima. Kihisi hupima joto, programu huiamuru izunguke. Wewe umeichagulia hali ya ukimya.”

Ni kweli. Nilifanya hivyo nisimwamshe mke wangu.

“Joto likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi,” akaongeza, “hujizima chenyewe kisiungue. Kilikuwa kikijiokoa, Mwalimu.”

Alisafisha, akapaka dawa mpya, akairudisha feni katika mpangilio wa kawaida. Siku hizi kipakatalishi hukaa juu ya meza ya mbao, matundu yakiwa wazi. Feni huvuma, na mke wangu ameuzoea mvumo wake. Kila ubeti ninaomaliza nauhifadhi pia katika kidude cha pembeni.

Mswada u karibu kukamilika. Beti zile tatu nimeziachia nafasi tupu. Vina navijua na mizani naijua. Ningeweza kuzijaza kwa jioni moja. Lakini zisingekuwa zake.